Jedwali la nyota ndani ya kifuniko cha jeneza

Mtu akitaja Misri ya kale basi ni piramidi, Tutankhamun na laana ya mafarao, imeishia hapo. Leo mi nataka tuongee vifuniko vya majeneza, na sio upande wa nje ule unaopambwa ili waombolezaji waone, nasema upande wa ndani, ule ambao ukishafungwa hakuna mtu aliye hai atauona tena.

Kati ya mwaka 2100 na 1800 KK hivi, katika mji wa Asyut, Misri ya kati, wakubwa wa mji walikuwa wanazikwa kwenye majeneza ya mbao ya mstatili, na baadhi ya hayo majeneza ukigeuza kifuniko unakutana na jedwali. Jedwali kabisa, lenye mistari na safu kama tunavochora sisi, limepigwa kutoka kichwani hadi miguuni, na ndani ya kila kisanduku kuna jina la nyota limeandikwa kwa maandishi ya Kimisri. Hadi leo yanajulikana zaidi ya 20, mengi ya Asyut, machache yametoka Thebes, Gebelein na Aswan. Moja ni la mtu anaitwa Idy, lipo Tübingen Ujerumani. Jingine ni la Mesehti, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Asyut, lipo Misri kwenyewe, na huyu Mesehti kama umewahi kuona picha za wale askari wadogo wa mbao wanaotembea kwa mistari, Wamisri 40 wenye mikuki na Wanubi 40 wenye pinde, ujue wametoka kaburini kwake. Watu wanawajua askari wake kuliko nyota zake na hilo linaniuma, maana kwangu mimi kifuniko ndo hazina yenyewe.

Sasa linafanyaje kazi? Nifuate taratibu maana hapa ndo penye utamu.

Mwaka wa Wamisri ulikuwa na miezi 12, kila mwezi siku 30 kamili, hakuna cha 31 wala 28, halafu mwishoni wanaongeza siku 5 zifike 365. Misimu ni mitatu, Akhet ya mafuriko, Peret ya mimea kuota na Shemu ya mavuno, na kila mwezi wameukata vipande vitatu vya siku kumi kumi. Piga hesabu, makumi 36 kwa mwaka na zile siku 5 za juu. Kisha wakachagua nyota, au vikundi vidogo vya nyota, 36, ambazo wasomi wa leo wanaziita dekani. Katika hizo 36 chache ndo tuna uhakika nazo angani. Sopdet ni ile Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, na Sah ni Orioni, yule mwenye nyota tatu za mkanda. Nyingi zilizobaki majina tunayo ila kuzinyooshea kidole angani ni ubishi mpaka leo.

Na kitu kinachoendesha jedwali lote ni kimoja tu: nyota haichomozi saa ileile kila siku. Kila siku inawahi kama dakika 4. Zidisha kwa kumi, dakika 40. Kwa hiyo ukiwa na nyota 36 zilizopangwa angani kwa kufuatana, nafasi kati ya moja na nyingine nayo inakuwa dakika 40 kwa wastani, na kila siku kumi zikipita foleni nzima imesogea nafasi moja. Yaani anga lenyewe linajisogeza kwa mwendo uleule wa wiki yao ya siku kumi, na hawa watu miaka elfu nne iliyopita walikaa nje usiku, wakaliona, wakalichorea jedwali.

Jedwali linasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Juu kuna tarehe: mwezi wa kwanza wa Akhet, kumi la kwanza, halafu kumi la kati, halafu kumi la mwisho, halafu mwezi wa pili, na kuendelea. Chini ya kila tarehe kuna safu ya majina 12, moja kwa kila saa ya usiku. Safu za makumi ni 36, na mwisho kabisa upande wa kushoto zinaongezwa safu 4, tatu ni orodha ya dekani zote 36 kwa pamoja, ya nne ina dekani 12 za pembeni zinazohudumia zile siku 5 za nyongeza. Jumla safu 40 kwa mistari 12.

Chukua nyota moja uifuatilie, tuseme Sopdet. Kuna kumi moja la siku ambalo Sopdet imekaa mstari wa 12, chini kabisa, maana yake inachomoza mwisho wa usiku kabla tu ya alfajiri. Safu inayofuata, siku kumi mbele, iko mstari wa 11. Inayofuata wa 10. Inapanda kama ngazi, kutoka chini kulia kwenda juu kushoto, mpaka siku 110 baadaye inafika mstari wa kwanza, inachomoza giza linapoingia, kisha kumi linalofuata imetoka kwenye jedwali, kazi yake ya usiku imeisha na nyingine imeshaingia kwa chini. Kila nyota inafanya hivohivo. Ndo maana ukilitazama jedwali kwa mbali kabla hujasoma hata neno moja, jicho linaona mishazari mingi imelala sambamba, jina lilelile linajirudia kwa hanamu kuvuka ubao mzima, na wataalamu wakayaita majedwali ya mshazari.

Mimi nililichora mwenyewe kwenye manila kwa rula na penseli, na nawashauri mfanye hivo, maana kusoma maelezo ni kitu kimoja na kuandika jina moja mara 12, kila mara kisanduku kimoja juu na kimoja kushoto, ni kitu kingine. Hapo ndo unamuelewa yule karani wa Asyut. Yuko karakanani, ana ubao mrefu, ana nakala ya kufuatisha mkononi, na ana visanduku karibu mia tano vya kujaza kwa brashi. Ukiruka jina moja kwenye safu moja tu, mshazari umevunjika na kila kinachofuata kimehama. Na ndivo ilivyotokea. Majedwali mengi yana makosa, nyota imerukwa, jina limeandikwa nusu, na mengi hayana hata safu zote 40 kwa sababu ubao umeisha! Kifuniko kimefika mwisho, karani amesimamia hapohapo. Wale wabobezi wawili, Otto Neugebauer na Richard Parker wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, waliotoa juzuu tatu za maandishi ya nyota ya Kimisri kati ya 1960 na 1969, walilazimika kulinganisha jeneza na jeneza ili kuupata mpangilio wa asili. Na makosa yenyewe yakawa msaada, kwa sababu majeneza mawili yakiwa na kosa linalofanana unajua yamefuata nakala moja. Siku za karibuni Sarah Symons wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ameyapitia upya yote na kuonesha kwamba yapo makundi mawili, yaani orodha za dekani zilikuwa mbili tofauti.

Katikati ya jedwali kuna mikanda miwili inayokatiza. Mkanda wa kulala una dua ya sadaka kwa ajili ya marehemu, inataja miungu na inazitaja nyota pia. Mkanda wa kusimama una picha nne: Nut, mungu mke wa anga, halafu mguu wa mbele wa ng'ombe, ambao kwao ndo zile nyota saba za Dubu Mkubwa, halafu Sah, halafu Sopdet. Hapo hesabu na ibada zimechorwa kwenye ubao mmoja kwa brashi moja na karani hakuona haja ya kuzitenganisha.

Sasa hizo saa 12. Sisi Waswahili tunaelewa haraka kuliko wengine, maana saa zetu tunaanza kuhesabu jua likizama, saa moja usiku, saa mbili, mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Ila saa zao za kwenye jeneza hazikuwa za dakika 60. Dakika 40 mara 12 ni masaa 8 ya kwetu, na hilo linaleta maana kabisa kwa sababu walikuwa wanahesabu giza lenyewe, sio magharibi wala mapambazuko wakati nyota hazionekani vizuri. Mchana wakaupa saa zake, machweo na mapambazuko yakapata zake, na baadaye ikatulia kuwa 12 za usiku na 12 za mchana. Masaa 24 unayoyaona kwenye simu yako chimbuko lake ni hapa, kwa watu wa Nile waliokuwa wanangoja nyota 12 zichomoze.

Lakini kuna tatizo na lazima niliseme. Mwaka wa siku 365 ni mfupi kwa karibu robo siku. Kila miaka 4 kalenda inahama siku moja, kila miaka 40 inahama siku kumi, yaani safu nzima. Kwa hiyo jedwali lililotungwa vizuri leo, mjukuu akilitumia atakuta nyota zimehama safu. Ilibidi litungwe upya kila baada ya kizazi, na inaelekea makarani wa majeneza walikuwa wananakili kitu cha zamani ambacho kwa wakati wao angani hakikuwa sahihi tena. Basi wapo wanaoandika kwamba haya majedwali ni saa zilizoshindikana, hayana maana, mapambo tu.

Mi sikubaliani nao hata kidogo. Saa ya nani? Ya mtu aliyefungiwa kwenye sanduku la mbao ndani ya mwamba? Hakuna kuhani aliyekuwa anaingia kaburini usiku kusoma kifuniko halafu anatoka kuangalia nyota. Lazima palikuwa na jedwali la kazi, la watu walio hai, kwenye mafunjo pengine, na hilo la jeneza ni nakala aliyopewa marehemu aende nayo. Swali la kujiuliza ni alipewa ya nini.

Jibu mi naliona kwenye maandishi yaliyokuja baadaye, yale wanayoyaita Kitabu cha Nut. Yamechorwa kwenye dari la jengo la farao Seti wa Kwanza kule Abydos, linaitwa Osireion, yapo tena kaburini kwa Ramesses wa Nne, na kuna mafunjo Copenhagen, Carlsberg namba 1, ya karne ya pili baada ya Kristo, ambapo kuhani mmoja anayafafanua sentensi kwa sentensi zaidi ya miaka 1,400 baada ya Seti! Picha yake ni Nut mwenyewe kajiinamisha juu ya dunia, mikono upande mmoja miguu upande mwingine, anameza jua jioni na kulizaa asubuhi. Nyota nazo hivohivo, na zimepewa ratiba. Kila dekani inakaa siku 80 upande wa mashariki, siku 120 inafanya kazi katikati ya anga, siku 90 upande wa magharibi, na siku 70 haionekani kabisa, imeingia Duat, ulimwengu wa wafu. Jumlisha uone, 360 kamili. Wakati wowote ule nyota 29 zinaishi juu na 7 ziko Duat, na kila siku kumi moja inakufa na moja inazaliwa.

Siku 70. Na maiti wa Kimisri alikuwa anaandaliwa siku ngapi mpaka azikwe? Siku 70. Hii sio bahati. Sopdet kwa macho ya mtu wa Misri inapotea karibu na jua kwa muda kama huo, halafu alfajiri moja inachungulia tena mashariki, na kwa zama zile kuonekana kwake kulikuwa kunaambatana na kupanda kwa maji ya Nile. Nyota imekufa, imekaa siku zake chini, imerudi na maji. Sasa wewe ni mke wa mtu kule Asyut, mumeo amefariki, ameandaliwa siku 70, unamlaza kwa ubavu wa kushoto anatazama mashariki, na ubavuni mwa jeneza upande wa uso wake wamechora macho mawili aone jua linapochomoza. Juu yake ni Nut, kwa maana kifuniko ni anga. Utamuacha bila ratiba ya nyota? Nyota imefika saa ya 12 ya usiku, imetoka Duat, na yeye ameandikiwa majina yote aijue ipi inatoka lini atoke nayo. Mimi naamini hivo. Na kama safu imehama kidogo kwa sababu ya robo siku, sidhani kama yule mama alilala njaa kwa hilo.

Hayo majedwali ya majeneza yaliisha, mtindo ukabadilika, ila elimu haikufa. Senenmut, yule mkubwa wa Hatshepsut, farao mwanamke, karibu mwaka 1470 KK alichorewa dekani na sayari kwenye dari la kaburi lake jirani na Deir el-Bahari. Enzi za Amenhotep wa Tatu kulikuwa na chungu cha kupimia saa kwa maji, kilipatikana Karnak, kimechorwa nyota nje na ndani kina alama za saa kwa kila mwezi. Na kwenye makaburi ya Ramesses wa Sita, wa Saba na wa Tisa utaratibu ni mpya kabisa, majedwali 24, mawili kwa mwezi, na chini ya kila moja mtu ameketi anakutazama. Nyota inaelezwa kwa mwili wake: katikati sawa na moyo, juu ya jicho la kulia, sikio la kushoto, bega la kulia. Napenda sana hili la mwili wa mtu kuwa kipimo cha usiku.

Dekani zikaja kuchanganywa na zodiaki ya Wababiloni na Wagiriki, kila dekani ikapewa nyuzi 10 za duara, 36 mara 10 ni 360. Zimechorwa zote 36 zimezunguka ukingo wa lile duara la nyota lililokuwa darini kwenye hekalu la Dendera, Misri, la karne ya kwanza KK. Duara lenyewe halipo Dendera. Mwaka 1821 Mfaransa mmoja, Lelorrain, alilikata darini kwa misumeno na baruti, likapelekwa Paris na mpaka leo lipo Louvre, na hekaluni kimebaki kiigizo. Nikifikiria hiyo baruti ndani ya hekalu nashindwa kuendelea kuandika kwa utulivu.

Na kuna jambo la nyumbani hapa. Pwani yetu, Unguja, Pemba mpaka Lamu, wakulima na mabaharia walikuwa na mwaka wao wa jua, wa Nairuzi, unaoanza Siku ya Mwaka, ule ambao Makunduchi wanausherehekea kwa Mwaka Kogwa. Mwaka huo una siku 365, hauna ile siku inayoongezwa kila miaka minne, na umegawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, 36, na siku 5 za ziada. Mzee anakuambia pepo za kusi zinaanza mwongo fulani, mtama upandwe mwongo fulani. Jina Nairuzi limetoka Uajemi, na kalenda ya kale ya Waajemi ya miezi 12 ya siku 30 na siku 5 juu, wasomi wengi wanaona iliigwa Misri, Waajemi walipoitawala Misri. Nilipoliunganisha hilo sikulala. Babu yangu mzaa mama alikuwa anahesabu miongo kwa kumbukumbu, hana karatasi, na aliijua vilevile ile ya wazee kuhusu kile kikundi cha nyota, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyota inazama, inafichika siku zake, inazuka, na wewe unajua shamba linataka nini. Wenye wazee bado hai wanaohesabu miongo, nawaomba muwarekodi hata kwa simu, mwongo upi ni wa nini na wanaanzia wapi, maana hili halijaandikwa vya kutosha.

Anayetaka kuona mwenyewe lile jambo la dakika 40 hahitaji darubini. Mwanzoni mwa Desemba nenda ufukweni Dar au Mombasa, tazama mashariki baharini. Kwa Dar tarehe 1 Sirius inachomoza saa mbili na dakika ishirini hivi usiku, chini ya Orioni ambayo imeshapanda. Andika saa. Rudi siku kumi baadaye, anza kuangalia mapema zaidi, utaikuta saa mbili kasoro dakika ishirini. Siku kumi nyingine tena ni karibu saa moja, na hapo mwanga wa magharibi unaanza kukusumbua, ukingo wa bahari hauonekani vizuri na utaiona ikiwa imeshapanda kidogo. Huo ndo mstari wa kwanza wa jedwali. Mwishoni mwa mwezi wa sita itakuwa inazama karibu na jua na kupotea, isipokuwa kwetu kusini ya ikweta inafichika muda mfupi kuliko Misri, basi kuanzia nusu ya pili ya Julai amka alfajiri uanze kuitafuta.